Saumu Yangu ya Jumatatu

Sijitetei. Mtu mzima na ndevu zangu, nilimdanganya mke wangu kwamba nafunga sunna kila Jumatatu, kumbe nimechoka na mihogo yake ya kuchemsha. Nilikuwa natoka nyumbani na uso wa kinyonge, nakwenda moja kwa moja kwa Mama Somoe, mwenye mgahawa karibu na soko hapa Kilwa Masoko, nakula chapati zake za moto zilizoviringishiwa mayai, vitunguu na pilipili. Mke wangu akanionea huruma, akaanza kufunga pamoja nami. Hata hilo halikunizuia.

Jumatatu iliyopita nilikuwa kwenye chapati ya pili, mafuta yananichuruzika hadi kwenye kiwiko, nikasikia sauti yake nyuma yangu.

“Mama Somoe, niwekee chapati mbili za mayai, nitazifuata jioni. Mume wangu amefunga, nataka leo afuturu kwa kitu kizuri.”

Nikainamia sahani. Mama Somoe, asiyejua kuwa huyo ni mke wangu, akaniita kwa ukarimu wake wote: “Na wewe kaka wa kila Jumatatu, nikuongezee ya tatu?”

Mke wangu akageuka. Midomo yake ilikuwa imekauka.