Sahani Zilirudi Tupu, Bibi Akakonda

Nimekosa, nakiri. Lakini nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mnitukane!

Nilifanya kazi za ndani Dubai, miaka ile treni za metro zingali mpya. Bosi wangu, sir, alikuwa Mjapani, na mkewe, madam, Mjapani vilevile. Nilipikia familia na kumtunza mama yake sir. Mimi nilimwita Bibi tu, naye aliitikia.

Bibi aliletwa Dubai kwa sababu ya chakula, amini usiamini. Kule kwao vijana walihamia mijini, duka la mtaani likafungwa, wakabaki wazee watupu wasioweza kuendesha gari. Bibi akawa anaishi kwa tambi za pakiti. Mwanawe akaona aibu, akamchukua.

Akamleta wapi sasa? Kwenye nyumba nzuri jangwani, ng'ambo ya barabara kuu, ambako hata kitunguu hukipati bila gari! Madam alifanya manunuzi mara moja kwa wiki kule Al Barsha: kuku wa barafu, mikate, pizza. Nilipika kilicholetwa.

Sasa kosa langu. Mimi ni wa Tanga. Kwetu mtu mzima humkodolei macho akila. Unamnawisha, unamtengea, unaondoka. Na nyumba ile nayo ilikuwa na sheria yake: mfanyakazi hakai mezani. Basi nilitenga, nikarudi jikoni, na baadaye nikakuta sahani tupu, tena imeoshwa! Bibi aliinamisha kichwa, "Thank you, thank you." Madam akirudi kazini, namwambia kwa kujiamini, "Amekula chote, madam."

Sikuwahi kumuona akitia hata tonge mdomoni. Wallahi, sikuwahi!

Siku moja akaanguka bafuni. Hospitali daktari akasema huyu mama hana ugonjwa mkubwa, hali chakula. Nikapandwa na hasira, nikamjibu mbele ya watu, "Anakula! Mimi ndiye ninayempikia!" Bibi pale kitandani akajifunika uso kwa shuka.

Niliporudi nyumbani, askari wa getini, Mkenya mcheshi, akanisimamisha.

"Siz, pole kwa shosh, yule bibi yako. Sasa hao paka watakula nini? Si huwa anawabebea kuku kila lunch!"

Nikaenda nyuma ya ua, nikakuta mifupa na paka walionona kama watoto wa tajiri. Nikakaa chini nikalia.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali nilimuuliza kwa ishara. Akatoa meno yake ya bandia, akanionyesha fizi. Nyekundu, zina vidonda! Kutafuna hawezi, na kusema aliona ni kunivunjia heshima mimi niliyepika. Yeye ananistahi, mimi namstahi, na huku anakufa njaa.

Ijumaa yangu ya mapumziko nilipanda teksi, kisha metro, mpaka sokoni Deira. Nikanunua samaki na mchicha kwa hela yangu, nikarudi na mfuko wa barafu ukinidondokea miguuni. Nikapika wali mpaka ukawa uji, nikachambua samaki mwiba kwa mwiba. Nikatenga, nikageuka niondoke kama kawaida yangu.

Bibi akanishika mkono. Akaleta bakuli la pili, akavuta kiti, akakipigapiga. Nikakaa. Jamani, mama yule alikula! Alikula huku machozi yakimtoka, na mimi yakinitoka, tukawa tunachekana.

Ndipo madam akaingia.

"Nani amekuambia ukae hapo?"

"Nakula na Bibi, madam."

"Inuka!"

"Nikiinuka atawapa paka, madam. Kaa wewe basi nami nitainuka."

Akaniangalia kama nimemtemea mate. "Khalas, yamekwisha. Kapange vitu vyako."

Mkataba ukavunjwa, nikarudishwa nyumbani kabla ya wakati. Mama yangu alikuwa akingoja hela ya dawa, na hilo linaniuma mpaka leo. Kumripotia madam nisichokiona ni kosa langu, nalibeba. Lakini la kumuweka mzee mahali asipoweza kujinunulia hata samaki mmoja, kisha kumuachia mfanyakazi na sahani, hilo silibebi! Lina wenyewe!

Na wewe unayetunza mzee wa watu, au wa kwako, usidanganywe na sahani safi kama mimi. Vuta kiti, kaa, umuone akimeza. Watakufukuza? Wakufukuze! Mimi nilifukuzwa bakuli likiwa mkononi, Bibi akaniongezea uji mbele ya madam, na sikuinuka mpaka tulipomaliza wote wawili.