Ajenga kibanda cha kunasa vumbi ili wifi yake arudi kazini

Saa moja na nusu asubuhi, El Carmen de Viboral, mji wa wafinyanzi. Baridi ya mlimani bado imelala juu ya mapaa, lakini Nubia Betancur amekwisha kupiga deki karakana yake mara mbili. Hafagii. Ufagio aliutoa nje mwezi wa Mei na hautaki tena ndani.

Anawasha pampu. Maji yanapanda kwenye mpira, yanafika juu, kisha yanateremka juu ya bati lililosimama nyuma ya kibanda, yametandaa kama shuka kambani. Anawasha feni. Anaweka jagi kubwa juu ya kisahani cha kuzungusha, anafunga barakoa, anashika bomba la kupulizia.

Mlangoni, nje ya kizingiti, amesimama mwanamke mrefu mwenye koti la sufi, mikono kifuani. Ni Otilia Zuluaga, dada wa mume wa Nubia, mchora maua wa karakana hii kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Umechelewa, wifi," anasema. "Mimi saa hizi ningekuwa kwenye jagi la pili, na chai nimeshakunywa."

"Wewe hujapuliza hata kijiko maisha yako yote. Nyamaza nisali."

Nubia anafanya ishara ya msalaba. Leo ndiyo leo. Ama Otilia atavuka kizingiti hicho na kurudi mezani pake, ama atabaki nje kama mgeni.

Katika karakana ya akina Zuluaga, chombo hufinyangwa, huanikwa, huchomwa mara ya kwanza, kisha Otilia hukichora maua ya buluu. Baada ya hapo Nubia hukipaka dawa ya kung'arisha, maji meupe mazito kama uji, ambayo tanurini huyeyuka yakawa kioo. Vikombe na sahani hutumbukizwa kwenye pipa la dawa. Majagi makubwa hayaingii pipani, lazima yapulizwe. Na majagi ndiyo yanayolipa umeme wa tanuri.

Lakini dawa hiyo ni mawe yaliyosagwa. Matone yasiyoshika chombo hukauka hewani yakawa vumbi jepesi, lisilo na harufu, likakaa kwenye kope, kwenye nywele, kwenye mkate.

"Tulikuwa tunalila na arepa, mikate yetu ya mahindi," anasema Nubia. "Tukicheka kwamba sisi wote tumezeeka siku moja, kwa jinsi vichwa vilivyokuwa vyeupe."

Otilia alianza kukohoa wakati wa Kwaresma. Mwezi wa Mei alikubali kwenda kupimwa. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwambia polepole kwamba kilichokwisha kuingia hakitoki, kazi iliyobaki ni kuzuia kisiingie kingine. Asikanyage tena chumba kile mpaka hewa yake iwe safi.

Otilia hana mume wala mtoto. Alijaribu kuchorea nyumbani kwake.

"Nilichora sahani nne nikiongea na paka," anasema. "Maua yalitoka yamenuna. Paka hajui kubishana."

Kibanda cha kupulizia cha dukani, kule Medellín, kinauzwa peso milioni sita. Karakana ya Nubia, baada ya udongo, dawa na umeme, hubakiza kama milioni moja na laki mbili kwa mwezi, nao ni watu watatu pamoja na mumewe, Gildardo, anayechoma vyombo. Nubia aliishia darasa la tano, na hajawahi kujenga kitu kilichozidi banda la kuku.

Akaanza na kile alichokuwa nacho. Alipiga sanduku la plaiwudi, akatoboa ukuta wa karakana unaotazama barabara, akaweka feni ya kusukumia vumbi nje. Hewa ya chumbani ikasafika. Nubia akawasha mshumaa wa shukrani.

Aliuwasha mapema.

Tarehe kumi na sita Julai ni sikukuu ya Mama wa Karmeli, msimamizi wa mji na wa madereva wote. Malori hupambwa maua na maputo, honi hulia toka asubuhi, na sanamu ya Bikira hubebwa mabegani. Maandamano hupita mtaa wa juu. Mwaka huu mtaa wa juu ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabomba ya maji, wakageuza njia ipite mbele ya karakana bila Nubia kujua. Yeye alikuwa na majagi ya mteja, akasema apulize mawili matatu kisha awafuate kanisani.

"Nilisikia honi zinakaribia, nikajua ni sikukuu tu," anasema. "Niliponyanyua kichwa, kelele za watu zilikuwa zimebadilika."

Wingu jeupe lilikuwa limetoka kwenye tundu la ukuta na kutua juu ya joho la kahawia la Bikira, na juu ya suti nyeusi za waliombeba.

"Nilipiga magoti palepale barabarani. Sikujua niombe radhi kwa nani kwanza."

Padri alilipangusa joho kwa leso yake, akaendelea na rozari. Wengine hawakuwa wepesi hivyo.

"Mama Nubia!" alipaza sauti dereva wa lori la maziwa. "Hizo arepa zimeiva, au bado unakanda?"

Watu wakacheka. Kilichomchoma Nubia ni maneno ya jirani wa ng'ambo, bibi mpole ambaye hajawahi kugombana na mtu. Alisogea, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ni wewe, mwanangu. Mashuka yangu yamekuwa hivihivi wiki zote hizi. Nilikuwa nailaumu sabuni."

"Hapo ndipo nilipojiona," anasema Nubia. "Vumbi nililomwondolea wifi yangu, nilikuwa nawagawia majirani. Mungu hawezi kubariki kitu kama hicho."

Tundu aliliziba siku hiyohiyo.

Mmoja wa waliombeba Bikira alikuwa Eladio Giraldo, fundi bati, anayetengeneza matangi ya maziwa. Kesho yake alibisha hodi na koti lake mkononi.

"Nimekuja kudai pesa ya dobi," alisema, uso mkavu. Nubia alipoanza kutafuta pochi, fundi akaangua kicheko. "Weka hela yako, dada. Hebu niambie, mvua ikinyesha, nani anakohoa vumbi barabarani? Vumbi linaogopa maji."

Alileta bati lisiloshika kutu, alilolikata kwenye tangi kuukuu. Walilisimamisha nyuma ya kibanda, beseni chini yake, na pampu ya chemchemi ya bustani ikapandisha maji juu. Feni waliiweka nyuma ya bati, mota yake mbali na majimaji, ili hewa ilazimike kupita chini ya pazia la maji na kuacha vumbi lake humo. Kisha hewa hiyo hupita kwenye sponji nene, ikatokea kwenye bomba juu ya paa. Gharama yote haikufika laki tano, na sehemu yake Eladio alilipwa kwa majagi.

Ila maji yalikataa kutandaa. Yaliteremka vipandevipande, kama pazia lililoraruka, na vumbi likapenya katikati. Walipanua vitundu vya mpira, wakavipunguza, wakaliinamisha bati, wakaliinua. Siku zikapita hivyo.

Otilia alikuwa akiwatazama kutoka kwenye kizingiti, kikombe cha maji moto ya sukari guru mkononi.

"Wifi, bati lako lina mafuta."

"Mafuta ya wapi? Limetoka kwenye maziwa hili."

"Na siagi inatoka wapi, mbinguni? Halafu mikono yako hiyo imetoka kwenye soseji asubuhi. Kila siku unanigombeza nisishike chombo na mikono ya mafuta, eti dawa itakimbia. Sasa maji yana ubongo gani wa kutokukimbia?"

Fundi Eladio aligeukia ukuta ili asionekane akicheka. Waliliosha bati kwa sabuni na majivu, wakalikwaruza kwa msasa, wakawasha pampu. Maji yakatandaa toka ukingo hadi ukingo.

Ndiyo maana leo, kabla jagi la kwanza halijapulizwa, Otilia anatoa mkobani shela yake nyeusi, ile anayojifunika Ijumaa Kuu, na kumkabidhi Nubia.

"Itandike pale mezani pangu. Jioni nikikuta weupe, kiti changu mpe mwingine. Sitauliza tena."

Nubia anapuliza majagi tisa. Chakula wanakula nje, wote wawili. Alasiri anazima kompresa inayosukuma dawa, anaiacha feni izunguke bado, kisha anaibeba shela kwa ncha zake nne kama kitambaa cha altare, hadi kwenye mwanga.

Otilia anavaa miwani. Anaigeuza. Anapitisha kidole kilicholoweshwa, anakitazama kidole.

"Kuna kitu hapa."

Nubia anashika nguzo ya mlango.

"Unywele," anasema Otilia. "Wako, wifi. Tena mweupe."

Anavuka kizingiti.

Barakoa ataendelea kuvaa, na Desemba atapimwa tena. Daktari hakuahidi kupona. Nubia anajua hilo, wala halifichi. Mpango wake ni kujenga kibanda kingine kabla ya Krismasi, yeye na Eladio, kwa ajili ya karakana ya mtaa wa chini, ambako bado wanapulizia uani, upepo ukiwarudishia usoni. Matope meupe yanayobaki kwenye beseni hayatupi. Anayachuja na kuyapaka ndani ya vikombe vya bei nafuu.

Akiulizwa anaomba nini zaidi, anamtazama mwanamke aliyekaa mezani, anayelalamika kwamba brashi zake zimehamishwa.

"Miaka mingine ya kugombana naye. Basi."

"Mingapi?" anauliza Otilia bila kugeuka. "Sema idadi, nijue nichanganye buluu kiasi gani."