Kimya cha Wifi Yangu

Haya alonihadithia mwanzo ni wifi yangu wa mtaa wa Mawaleh, mwaka ule wanawake sote wa Oman tuliporuhusiwa kupiga kura.

Asubuhi kajifukiza udi kama anakwenda harusini. Garini mumewe kamwambia, "Umchague binamu yangu, umesikia?" Wifi kanyamaza. Mumewe kafurahi.

Chumba cha wanawake kilikuwa kimetulia, buibui zinapepea kwa upepo wa feni, akajiona kama yumo ndotoni. Kwa kuwa hakusoma, kama mimi, binti msimamizi kamuuliza kwa upole, "Bibi, nani unaemtaka?"

Wifi kainama, kavuta mtandio usoni. Mara ya mwisho kuulizwa kama anamtaka mtu alikuwa mwari, nyuma ya pazia, siku ya kuozwa. Alinyamaza, na wazee wakasema, "Keshakubali."

Binti kangoja, kisha kamsogelea. "Bibi yangu, hapa ukinyamaza hujasema kitu. Sema mwenyewe."

Wifi anasema aliisikia sauti yake inatoka mbali, kama ya yule mwari. Kamtaja anaemtaka yeye, wala si binamu.

Kurudi, mumewe kauliza, "Umemchagua?" Wifi kanyamaza, anatazama bahari ya Azaiba inavyomeremeta. Mumewe kafurahi tena. Mie nnaona wanaume wa zama zetu walikuwa wepesi kufurahi.

Haya wajukuu zangu, wakati wa kulala. Na msininyamazie, nnataka nimsikie kila mmoja akisema, "Nakwenda, bibi."