Maumivu Sifuri, Alhamdulillahi

Msomaji, nisitiri. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Msambweni. Safari yangu ndefu ni kutoka jikoni mpaka ukumbini. Mgongo uliponishika, nilipelekwa kwa binti mmoja wa bara anayetibu kwa mazoezi. Nilimtaka aniponye kabla ya arusi ya mwanangu.

Kila wiki aliniuliza, "Shikamoo mama. Kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu ni namba ngapi?"

"Marahaba. Sifuri, alhamdulillahi. Watoto hawajambo?"

Si nimelelewa! Ukiulizwa hali, hutangulizi kilio mbele ya shukrani. Kilio nilimwekea mume wangu nyumbani.

Juzi binti akaruka kwa furaha. "Mama, umepona! Leo nakuachilia." Akawaita wenzake waje wanione. Nami ndiye yule mgema aliyesifiwa, kichwa kikavimba.

"Tupime kitu kimoja cha mwisho," akasema. "Chagua kazi ya nyumbani iliyokuwa imekushinda."

"Kukuna nazi!" nikajibu kwa madaha.

Akaleta kigoda kifupi kama mbuzi yangu ya kukunia nazi. Nikajishusha, nikakaa kama malkia. Wakapiga makofi.

"Haya mama, inuka."

Mgongo ukakataa. Nikajaribu kwa mkono wa kulia, nikajaribu kwa wa kushoto, nikamwita Mola. Binti akaniinamia, macho yamemtoka.

"Mama, na ile sifuri ya kila wiki?"

"Mwanangu," nikanong'ona, "ile ilikuwa salamu."