Uchaguzi Uliongoja Mvi za Kefa

Kefa wa Ihanja alikuwa mtu mzima aliyeishi kama kijana, na kazi hiyo ilimchosha kuliko kulima. Kila alfajiri alinyoa kichwa kwa wembe mpaka kikang'aa, mvi isipate nafasi hata ya kuchungulia. Wazee wakianza habari za vita vya Mjerumani, namna walivyobebeshwa mizigo mpaka Tabora, yeye alijitia hamnazo na kuuliza, "Vita gani hivyo?" Alikuwa amebeba mzigo katika safari ileile. Watu aliokwenda nao jando aliwaamkia shikamoo kwa macho makavu, nao waliitikia huku wakitazamana.

Sababu ilikuwa Yunisi. Mke wa kwanza wa Kefa alifariki mapema, naye Kefa akabaki mpweke miaka mingi akila ugali wa uwele aliousonga mwenyewe, na sisi majirani tuliowahi kuuonja tunajua alivyoteseka. Kisha akampenda Yunisi, binti wa Paskali. Paskali alikuwa ameshatangaza kwamba hamtoi binti yake kwa mzee. Kefa akaapa mbele ya washenga kwamba arobaini hajaifikia. Kichekesho ni kwamba Paskali mwenyewe, alipokuwa mtoto, alibebwa mgongoni na Kefa huyohuyo machungani. Alijua vizuri sana. Lakini ng'ombe wa mahari walikuwa wanene, akaamua kuamini, akamtoa binti.

Wakaishi hivyo, mkubwa akimwamkia mdogo kila asubuhi, mpaka Waingereza walipotuletea balaa la uchaguzi. Zamani jumbe aliteuliwa tu, tukanung'unika, basi. Mwaka ule Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Singida, akaagiza jumbe wetu achaguliwe: kila mwanaume asimame nyuma ya anayemtaka, wahesabiwe. Waliojitokeza ni Paskali na Kefa. Baba yake Kefa aliwahi kuwa jumbe, akavuliwa na Wajerumani, na tangu hapo Kefa alitamani kiti kirudi nyumbani kwao.

Karani Laurenti alikuja kwa baiskeli kusimamia. Tukapanga mistari miwili mbele ya baraza. Mimi nilisimama kwa Kefa, na sijutii. Laurenti akahesabu, ikawa sawasawa. Akahesabu tena akianzia nyuma, sawasawa. Mtu mmoja wa Paskali akaenda kichakani kujisaidia, tukapiga kelele za ushindi, lakini alirudi mbio akifunga shuka, na yule karani asiye na huruma akamhesabu.

"Kanuni ipo," Laurenti akasema. "Wakilingana, mwenye umri mkubwa ndiye anachukua kiti."

Hapo Kefa akazeeka mbele ya macho yetu. Mgongo ulipinda, kikohozi kikamshika, akaomba fimbo. Akaanza kutoa amri za Kijerumani alizozisikia njiani akibeba mizigo. Paskali naye hakukubali kushindwa, akafungua kinywa kuonyesha mapengo. Kefa akavua shati kuonyesha kovu la kamba begani. Paskali akasema masikio yake hayasikii tena, watu wapaze sauti. Nilikuwa sijawahi kuona wanaume wawili wenye afya wakigombania kuwa karibu na kaburi.

"Huyu mkwe wangu ni kijana," Paskali akasema. "Aliapa mwenyewe. Hizo mvi ziko wapi?"

"Zipo!" Kefa akafoka. "Nimezinyoa. Subirini ziote!"

Ungedhani karani atacheka. Laurenti hakuwa mtu wa kucheka. Aliahirisha uchaguzi mpaka nywele za Kefa ziote, akamkataza kugusa wembe, akapanda baiskeli. Serikali nzima ya Mfalme ikakaa kungoja nywele.

Kabla hatujatawanyika, Paskali aliongeza neno. "Zikitoka nyeupe, basi nilidanganywa. Ng'ombe nitawarudisha, na mwanangu atarudi kwangu." Kefa alikuwa ameinua fimbo kushangilia. Akaishusha polepole.

Siku zilizofuata hakuna aliyeuliza habari za asubuhi pale Ihanja. Ilikuwa, "Zimefika wapi?" Sisi wa Kefa tulimpelekea samli apake, ziharakishe. Wa Paskali walileta kitambaa chenye maji, wakamsugua kichwa kuhakikisha si majivu. Hayakuwa majivu. Zilitoka nyeupe pee, na mimi nilifurahi kama mjinga, nikaanza kumwita jumbe.

Yeye hakufurahi. Mke wangu Dorika, shoga yake Yunisi, ndiye aliyenisimulia yaliyokuwa nyumbani kwake. Kefa aliacha kula. Yunisi akamwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Mimi nilijua," akamwambia. "Ulipokuja kwetu mara ya kwanza ulipiga magoti kumwamkia mama, ukashindwa kuinuka, mpaka washenga wakakushika kwapani. Nilicheka, nikakupenda palepale."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ningekukosa."

"Sasa unataka nifanye nini, Yunisi?"

"Wanawake hatukuitwa kwenye mistari yenu. Chagua wewe."

Siku ya hukumu baraza lilijaa. Yunisi alisimama kando ya baba yake na kifurushi chake cha nguo, kama Paskali alivyoagiza. Laurenti akaita jina la Kefa. Akaja, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa juani. Tuliguna wote. Nililitukana jina lake kwa sauti, kanisa linisamehe.

Kefa akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Paskali, akainama. "Shikamoo, baba."

Paskali alifungua mdomo, neno likakataa kutoka. Nadhani aliukumbuka ule mgongo wa machungani. Alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu mwingine wa kumwitikia.

"Salamu haijaitikiwa," Laurenti akasema. "Mkubwa ni yule anayeitikia. Bila hiyo siwezi kufunga uchaguzi."

"Baba, itikia," Yunisi akasema. "Sisi twende zetu."

"Marahaba, mwanangu," Paskali akasema, sauti ndogo, macho chini. Akawa jumbe.

Basi Kefa akawa kijana kwa mujibu wa serikali. Vijana walipoitwa kutengeneza barabara ya Singida, Paskali alijaribu kulipita jina lake, Laurenti akalirudisha. Kefa akashika jembe pamoja na watoto wa kuwazaa. Mimi nilikuwa bado nina hasira ya kile kiti, nikamfuata barabarani.

"Ujumbe umeutupa, mgongo unakuuma," nikamwambia. "Umepata nini, Kefa?"

Akaelekeza kidevu. Yunisi alikuwa anakuja na kibuyu cha uji.

"Yule mara ya kwanza nilimpata kwa kuwadanganya," akasema. "Safari hii nyote mlijua, na mkaniachia."

Nikachukua jembe lake, nikamlimia kidogo wakati anakunywa uji.