Uzi wa Masijala

Kwa miaka thelathini na moja shangazi yangu alitunza masijala ya ofisi ya ardhi, chumba chenye dirisha moja na rafu za chuma zilizogusa dari. Kila karatasi iliyomfikia aliitoboa kwa sindano ya magunia, akaitunga kwenye uzi. Wenzake walikuwa na mashine ya kutobolea, yeye hakuitaka. Wakamwita Mama Uzi, naye akaitika.

Karani aliyemfundisha kazi alimwachia kamusi kuukuu ya Kiingereza, isiyo na jalada. Humo alisoma lilikotoka neno ambalo sisi tumelifanya faili. Walatini waliuita uzi filum. Neno likapitia kwa Wafaransa, likawafikia Waingereza, waliokuwa wakitunga karatasi zao kama shanga. Kwa uzi huohuo, watu waliosimama mmoja nyuma ya mwenzake wakaitwa hivyohivyo. Lakini mistari michache chini yake lilikuwapo neno lenye herufi zilezile na ukoo mwingine kabisa, la Waingereza wenyewe tangu kale, maana yake tupa, chuma cha kunolea msumeno.

Babu yangu alikuwa seremala. Shangazi alikua akiamshwa na tupa ikikwaruza meno ya msumeno. Siku aliyosoma hayo alicheka peke yake hadi machozi. "Kumbe mimi na baba tumeshika kazi ya jina moja!"

Alipobakiza miezi minne astaafu, akaja mkuu mpya, kijana wa viatu visivyotoa sauti. Alimwekea mezani faili ya uwanja wa shule ya msingi ya jirani.

"Mama, kata uzi. Zote ziingie kwenye kompyuta leo, kisha zichomwe."

Shangazi alifunua. Katikati palikuwa na barua ngeni: mwalimu mkuu, ambaye sasa ni marehemu, eti alikubali mjenzi apewe uwanja. Karatasi zote zilikuwa na matundu madogo ya sindano. Hii ilikuwa na matundu mapana ya mashine, na fundo la uzi halikuwa lake.

"Hii haikupita mikononi mwangu, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Ni mkuu wako."

"Haya, mkuu wangu. Haikupita mikononi mwangu."

"Nani atajali matundu? Kwenye kompyuta hayaonekani."

"Ndiyo maana una haraka."

Kijana aliinama, akashusha sauti. "Mama, pensheni iko mlangoni. Usijitafutie makubwa."

"Maji nimeshayavulia nguo," alisema shangazi. Aliweka faili kwenye kiti, akaikalia. Palepale, mbele ya macho yake, akampigia simu mwenyekiti wa wazazi. "Faili ya uwanja ni ya umma. Anayetaka kuisoma aje na ombi la maandishi. Njooni wengi."

Kabla ya saa saba wazazi walikuwa wamejipanga kutoka dirishani kwake hadi getini, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mtu na kikaratasi chake.

"Sogea, shemeji, unanikanyaga!"

"Nisogee wapi? Huo uwanja wenyewe wanataka kuula!"

Shangazi alisimama, akafungua faili, akawa anawaonyesha. "Weka kidole hapa. Sasa hapa. Umeona tofauti?" Vidole vyenye mafuta ya baiskeli, chaki, unga na wino vilipita juu ya ile barua, hata pembeni ikawa nyeusi. Mkuu alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Hawa wote wanataka nini?"

"Faili, mkuu."

Alasiri hiyohiyo shangazi aliletewa barua ya kusimamishwa kazi, sababu ikiwa ni kukaidi amri kuhusu faili ya uwanja. Foleni ilikuwa bado haijaisha. Aliisoma polepole, akaangalia tarehe na sahihi, kama alivyokagua kila barua kwa miaka thelathini na moja. Kisha akachukua sindano, akaitoboa, akaitunga mahali pake, nyuma ya karatasi ya mwisho, akafunga fundo.

"Anayefuata," alisema.