Uyoga Huu Umetoka Wapi

Wiki jana nilinunua uyoga kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na mimi ni mtu wa miaka sabini na kitu. Ulikuwa kwenye kitrei cha plastiki kilichofunikwa nailoni, mweupe, wote wa saizi moja kama vifungo vya koti. Msichana wa supamaketi pale Nakuru mjini aliupitisha kwenye mashine yake bila kuutazama. Nikabaki nimesimama pale nikingoja aniulize. Hakuuliza. Alisema tu, "Mzee, songa kidogo, watu ni wengi," nami nikasonga.

Swali nililokuwa nikilingoja ni la nyanya yangu, na nitakueleza. Lakini kwanza ujue kwa nini mzee kama mimi alikuwa anabeba uyoga na kuku kwenye mfuko mmoja. Dada yangu anakaa Lanet kwa binti yake. Kwa miaka mitatu sasa ugonjwa wa kusahau umekuwa ukimchukua, leo kitu hiki, kesho kile. Asubuhi ile binti yake alinipigia simu.

"Anko, leo ni siku ya nne hali kitu. Uji anatema. Daktari amesema asipokula tutampoteza. Na kitu kimoja tu anachoitisha ni pai ya Nyanya. Mimi pai ninayojua ni ile ya nyama ya kusaga ya kununua. Hiyo yenu ilikuwa ya nini?"

"Ya kuku na uyoga," nikamwambia.

"Na nani anajua kuitengeneza?"

Nikasema nitakuja mimi.

Tulilelewa na nyanya huko Elburgon, mimi na dada, katika nyumba ya mbao karibu na kiwanda cha kupasua magogo. Mama alikuwa ametangulia mbele za Mungu na baba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Kama uliwahi kupita Elburgon miaka ile utakumbuka mlio wa msumeno, unaanza chini na kupanda hadi meno yanakuuma, na harufu ya vumbi la mbao lililolowa mvua. Baridi yake haikuwa ya mchezo. Tulikuwa tunaota moto wa maganda ya miti huku migongo ikiganda, halafu tunageuka kama mahindi ya kuchoma.

Kabla hatujazaliwa, nyanya alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja mwenye shamba la ngano. Mzungu alipouza shamba na kwenda zake, nyanya alirudi nyumbani na bakuli moja la enameli lenye ukingo wa buluu, na ujuzi wa kutengeneza pai. Jiko la chuma lilibaki huko shambani. Yeye akatafuta njia yake. Alichukua sufuria kubwa, akamwaga mchanga chini, akaliweka bakuli juu ya mchanga, akafunika, kisha akapanga makaa juu ya kifuniko. Makaa chini, makaa juu. Alikuwa akisikiliza pai kwa sikio, ameinama kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mgonjwa, na aliposema imeiva, ilikuwa imeiva.

Pai ilikuwa chakula cha mgeni wa heshima, hasa mhubiri, aliyekuja mara chache sana. Jogoo alichemshwa mpaka nyama ikaachana na mfupa. Nyanya aliipika upya kwa maziwa, kitunguu na pilipili manga kidogo, na uyoga mwingi. Unga aliukanda kwa siagi aliyoilaza nje usiku kucha, nayo baridi ya Elburgon ilimfanyia nusu ya kazi. Juu ya ngozi ile ya unga alikata msalaba ili mvuke utoke, na chini ya msalaba alificha firigisi. Mgeni alipaswa kuanzia pale. Akiipata firigisi, nyumba nzima ilicheka na chakula kilianza.

Lakini uyoga ndio uliokuwa na sheria. Ulichumwa malishoni tu, kwenye nyasi fupi walikopita ng'ombe. Chini ya ile miti ya kupandwa, inayosimama kwa mistari kama askari, hatukuruhusiwa kuchuma hata mmoja, uwe mzuri namna gani. Tulipofika nyumbani nyanya aliumwaga kwenye uteo wa kupepetea nafaka, akaugeuza mmoja mmoja, akanusa, kisha akainua macho na kumtazama aliyeubeba.

"Uyoga huu umetoka wapi?"

Ndilo swali hilo. Hakukata uyoga kabla halijajibiwa. Dada aliwahi kumuuliza, kwani yeye haoni kwa macho ni uyoga gani. Nyanya akasema, "Macho yangu yamezeeka. Uyoga hausemi. Mimi namuuliza aliyeuchuma, na yeye namuamini." Nimesimama mbele ya makanisa mengi tangu wakati ule, nimefundisha watoto na watu wazima habari za kusema kweli, na sijawahi kusikia somo lililonikaa kuliko hilo.

Dada alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi saba. Nyanya alikuwa ameshaanza kumfundisha yeye. Walikuwa wakitoka wawili alfajiri, mvua ikishakatika, nyanya akimwonyesha shina, akimwonyesha chini ya kofia ya uyoga, akimnusisha. Mimi nilibaki kitandani. Nilijua nitakula.

Basi ikatangazwa kwamba mhubiri anakuja Jumapili. Jumamosi nyanya alibanwa na kifua, akatutuma mimi na dada. Malishoni kulikuwa na fahali mwekundu niliyemwogopa kuliko shetani. Dada akaniambia, "Kaa hapa kwa ua, mwoga wewe, nitachuma mimi," akaenda na mvua ikimnyeshea. Nikaona aibu. Nyuma yangu ilianza ile miti ya mistari, na chini yake, juu ya majani makavu, kulikuwa na uyoga mkubwa, safi, mweupe kama sahani za harusi. Nilichuma wa kujaa shati. Dada aliporudi akaweka kikapu chini akamue maji kwenye nguo yake, nikamwaga wangu ndani na kuchanganya kwa mkono. Nilitaka tu nyanya aone kikapu kimejaa.

Nyanya alimuuliza dada, kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye aliyekibeba.

"Uyoga huu umetoka wapi?"

"Malishoni, Nyanya."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Ningesema neno moja. Sikulisema. Nyanya akachukua kisu.

Siku ya pili mhubiri alifika, mtu mrefu mwenye viatu vilivyojaa matope, mcheshi. "Mama," akasema akivua koti, "hii harufu imenipokea huko stesheni. Nimekuja naifuata tu, hata njia sikuuliza." Watu wakacheka. Maji ya kunawa yakapitishwa. Nyanya akaondoa makaa juu ya kifuniko, akaleta bakuli mezani, msalaba umefunguka vizuri na mchuzi unachemka ndani yake. Ndipo nikaogopa kweli kweli. Nilimvuta dada hadi nyuma ya jikoni, nikamwambia yote kwa kilio.

Hakunipiga. Nakumbuka alinifuta kamasi kwa kiganja, akasema, "Nyamaza. Usimwambie Nyanya. Nitasema ni mimi."

Akaingia. Mhubiri alikuwa ameshamaliza kuombea chakula na ameinua kijiko, anatafuta firigisi. Dada akasema mbele ya watu wote, "Nyanya, nilidanganya. Uyoga mwingine nilichuma chini ya miti."

Nyanya aliinua bakuli kwa mikono mitupu, likiwa bado moto, akatoka nalo hadi chooni, akamwaga pai yote shimoni. Jogoo, siagi, firigisi, vyote. Alirudi na vidole vimebabuka, akamsongea mhubiri ugali na sukuma wiki. Mhubiri, Mungu amrehemu, aliuombea ugali ule upya, tena kwa muda mrefu kuliko alivyoombea pai, na akaongeza mara mbili.

Nyanya hakumchapa dada. Laiti angemchapa. Wageni walipoondoka alimwita, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu, "Nilikuamini, ukanifanya nilishe watu kifo. Hutakwenda nami uyogani tena." Nikamwona dada akikaza midomo. Alinitazama mara moja, akainama.

Na ikawa hivyo. Nyanya alikwenda peke yake mvua mbili zilizofuata, halafu kifua kikamzidi akalala. Kuanzia hapo pai, ikipikwa, ilikuwa ya kuku na viazi. Wakati anakufa hapakuwa na mtu nyumbani kwetu aliyejua uyoga wa kuliwa na wa kuachwa. Ujuzi huo aliupata kwa mama yake, na huyo kwa wake, na uliishia pale, mlangoni niliposimama nimefunga mdomo.

Watu wa rika langu tukikutana tunalia na msitu wa Mau uliokatwa, na malisho yaliyogeuka ploti, na kiwanda kilichonyamaza. Nami nalia nao. Lakini hayo yaliondolewa na wengine. Hili niliondoa mimi. Nimemshukuru Mungu kwa mengi, na dhambi hii nimeiungama kwake mara zisizohesabika. Kwa dada sikuwahi. Mwanzoni niliogopa, baadaye niliona aibu, baadaye nikaona ni mambo ya watoto. Alipoanza kusahau, nikajiambia labda hata hilo amelisahau, na moyo wangu, nisamehe nikikuambia ukweli, ulipumua.

Basi nikafika Lanet na mfuko wangu. Mpwa wangu aliponiona navaa aproni alishika kiuno akacheka hadi machozi. "Anko! Wewe na mwiko? Acha nipige picha nitume kanisani kwenu." Nikamwambia atume, lakini kwanza aniwashie hilo jiko lake, maana lina vitufe vingi kuliko kinanda. Siagi ilikataa kukaa baridi, ikabidi unga ulale kwenye friji. Kuku aliiva kabla sijamaliza kumenya kitunguu. Uyoga niliugeuza mmoja mmoja kwenye sinia kama alivyokuwa akifanya nyanya, ingawa sikujua natafuta nini. Nikakata msalaba. Firigisi tulikuta imefungwa kwenye kikaratasi ndani ya tumbo la kuku, nikaificha mahali pake.

Dada alikuwa amekaa dirishani na blanketi magotini, mwembamba kama mtoto. Harufu ilipomfikia akageuza kichwa. Mpwa wangu alinikamata mkono. Nikaweka sahani mbele yake, na yeye mwenyewe, ambaye kwa siku nne alikuwa akifunga mdomo, alichukua uma. Akavunja ngozi pale penye msalaba. Akaiona firigisi, akatabasamu. Akainua uma nusu ya njia, kisha akaugeuza uyoga uliokuwa juu yake, akanitazama usoni kwa macho maangavu kabisa.

"Uyoga huu umetoka wapi?"

Rafiki yangu, ningesema malishoni. Neno moja, na angekula. Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu akininong'oneza, "Mwambie chochote, Anko, mwambie chochote." Lakini nilikuwa nimelingoja swali lile zaidi ya miaka sitini, na lilipokuja nilisahau kwamba aliyeuliza ana njaa. Nikamshika mkono, nikasema, "Dada, ni mimi. Siku ile ni mimi niliyechuma chini ya miti. Wewe hukufanya kitu. Nisamehe."

Akanitazama. Nilifikiri amenisikia, na kweli alinisikia, ila hakunisikia kama mzee anayeungama kwa mzee mwenzake. Akaweka uma chini polepole. Akaisukuma sahani mbali nami, mbali naye, akavuta blanketi akaifunika yote.

"Umekula?" akaniuliza kwa hofu.

"Sijakula, dada. Lakini huu ni mzuri, huu ni wa dukani. Kula tafadhali."

"Fungua mdomo nione."

Nikafungua. Akachungulia, akaridhika. Mpwa wangu alileta kijiko, akabembeleza, akaonja yeye mwenyewe mbele ya mama yake, na dada akaanza kulia na kumpiga mikono ili ateme. Tukaacha. Maombi niliyoyajua yote yalinikimbia, nikabaki na "Bwana, Bwana" tu.

Kisha dada alipapasa uso wangu, akanifuta machozi na pua kwa kiganja kikavu.

"Nyamaza," akasema. "Usimwambie Nyanya. Nitasema ni mimi."

Akashika mkono wangu chini ya blanketi, juu ya sahani iliyokuwa bado na joto, akageuza macho kuelekea mlango wa jikoni. Tukakaa hivyo, sisi wawili, tukimngoja Nyanya aingie.